Nataka mwili uliokatika lakini sitaki kujazia: nianzie wapi?

Mwembamba wa Kati

Ndugu zangu, salaam. Nina umri wa miaka 31, urefu wangu ni sentimita 178 na uzito wangu ni kilo 74. Anayenitazama nikiwa nimevaa ataniita mwembamba, na kweli mikono na mabega yangu ni membamba, lakini nikivua shati tumbo limelegea na kiuno kinafika sentimita 91. Ninachokitaka ni mwili mkavu, uliokatika, ambao mistari ya mabega na ya tumbo inaonekana bila mtu kulazimika kuitafuta, na wakati huohuo nguo zangu za sasa ziendelee kunitosha. Sitaki shingo nene wala mapaja yanayosuguana, na sina haja ya kuitwa baunsa.

Tatizo ni kwamba kila ninayemwuliza ananipa jibu lake. Mmoja ameniambia nisiguse chuma kizito kabisa, bali ninyanyue chepesi mara nyingi ili misuli ikatike badala ya kuvimba. Mwingine anashikilia kwamba kwanza nile sana na kujazia kwa miezi kadhaa, ndipo nipunguze. Wa tatu anasema nikimbie tu na kufanya zoezi la tumbo kila usiku. Kwa sasa natembea kwa kasi karibu kila siku na napiga pushapu, ambazo huishia kwenye ya 12 hivi. Nyumbani nina jozi ya dambeli zinazoweza kuongezwa uzito, pamoja na chuma cha kujivuta kilichofungwa mlangoni. Je, inawezekana kuupata mwili wa namna hiyo bila kupitia hatua ya kunenepa, na kama inawezekana, nianze kwa kupunguza mafuta au kwa kujenga misuli?

Kocha Mstaafu

Ndugu, inawezekana, na kwa mtu wa umbo lako hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza. Kabla ya kufika kwenye ratiba, tuelewane kwanza kuhusu kile kinachoonekana mtu anapovua shati. Mwili uliokatika unahitaji misuli iliyokua kiasi cha kuwa na umbo, na unahitaji tabaka la mafuta chini ya ngozi liwe jembamba kiasi cha kutolificha umbo hilo. Wewe umepungukiwa kidogo katika yote mawili. Ukipunguza mafuta peke yake, utafika kilo 66 ukiwa na tumbo bapa na mabega yaleyale yasiyo na umbo, kisha utashangaa kwa nini bado huoni ulichokitarajia. Ukijazia kwanza kwa kula sana, mafuta yataongezeka pamoja na misuli, na kwa kuwa kiuno chako tayari kimevuka nusu ya urefu wako, ambayo ni sentimita 89, sioni sababu yoyote ya kukiongeza.

Bahati yako ni kwamba wewe bado ni mgeni wa mazoezi ya nguvu. Mtu wa namna hiyo anaweza kujenga misuli huku akipoteza mafuta, jambo ambalo mnyanyuaji wa miaka kumi hulipata kwa shida sana. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, vijana wa kiume walipunguziwa takriban 40% ya nishati waliyohitaji na kufanyishwa mazoezi makali kwa wiki 4. Waliopewa gramu 2.4 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wao walipoteza mafuta takriban kilo 4.8, na bado tishu zao zisizo za mafuta, misuli ikiwemo, ziliongezeka kwa takriban kilo 1.2. Waliopewa nusu ya protini hiyo walipoteza mafuta takriban kilo 3.5, na tishu hizo hazikuongezeka kwa kiasi cha kutajwa. Sikushauri ukate chakula kwa ukali huo, kwa sababu vijana wale walikuwa chini ya uangalizi na chakula chao kiliandaliwa na watafiti. Nimelitaja ili uone kwamba msuli unaweza kulindwa, hata kukuzwa, wakati mafuta yanaondoka, mradi uwe unautumikisha na kuulisha protini.

Sasa nije kwa aliyekuambia unyanyue chepesi mara nyingi. Msuli haujui kuna zoezi la kuvimba na zoezi la kukatika. Unakua, unabaki ulivyo, au unapungua. Uzito mwepesi ukinyanyuliwa mara 25 au 30 hadi ukaribie kushindwa hukuza msuli karibu sawa na uzito mkubwa unaonyanyuliwa mara 8 kwa bidii ileile. Ukiuweka chini kabla hujachoka, umepoteza muda wako na hakuna kilichokatika. Kinachoamua utakuwa mkubwa kiasi gani ni jumla ya kazi unayoufanyisha kila msuli kwa wiki, miaka unayoendelea, chakula unachokula na urithi wa wazazi wako. Hakuna aliyelala mwembamba akaamka baunsa. Hata mwanaume anayeanza na kufanya kila kitu sawasawa huchukua miezi kuongeza kilo chache za misuli, na safari nzima ataiona kwenye kioo. Siku ukiona bega limetosha, unapunguza kazi ya bega.

Kwa kuwa hutaki ukubwa, fanya seti chache zenye uzito wa maana; seti ni mfululizo wa marudio unaoufanya kabla ya kupumzika. Siku tatu kwa wiki zinatosha, kukiwa na angalau siku moja ya mapumziko kati yake, na kila siku ufanye mwili mzima: skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, ukiwa umekumbatia dambeli kifuani, kuinamia nyongani na kunyanyua dambeli kutoka chini huku mgongo umenyooka, pushapu, kujivuta kwenye chuma, na kusukuma dambeli juu ya kichwa. Seti 2 au 3 kwa kila zoezi, marudio 5 hadi 8 pale uzito unaporuhusu, na pumziko la dakika 2 hadi 3 katikati bila kuona haya. Katika miezi ya mwanzo sehemu kubwa ya nguvu utakayoipata itatokana na mishipa ya fahamu kujifunza kuziamsha nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja, kwa hiyo utashangaa uzito unapanda huku mkono wa shati haujabana.

Hizo pushapu zako zitazame kwa makini. Weka viganja kwa upana unaozidi mabega kidogo, viwiko vielekee nyuma kwa pembe ya digrii 45 hivi badala ya kutanuka moja kwa moja kando, bana makalio ili kiuno kisibonyee, kisha shuka kwa sekunde 2 hadi 3 mpaka kifua kikaribie kugusa sakafu. Ukizipiga hivyo, huenda 12 zikageuka 7, na hizo 7 nazithamini kuliko zile 12. Zikifika 15 bila umbo kuharibika, pandisha miguu juu ya kiti ili mabega na kifua vibebe uzito zaidi. Kama kujivuta kunakushinda hata mara moja, simama juu ya kiti kidevu kikiwa tayari juu ya chuma, kisha jishushe polepole kwa sekunde 5, kwa kuwa nguvu ya kujishusha hutangulia nguvu ya kujipandisha. Kuhusu wakati wa kuacha seti, subiri pale dambeli inapoanza kupanda taratibu ingawa unaisukuma kwa nguvu zote; hapo huwa yamebaki marudio kama mawili kabla ya kushindwa, na hapo ndipo pa kuiweka chini.

Upande wa chakula, punguza takriban kilokalori 400 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo upungufu huo utakuondolea karibu gramu 360 kwa wiki, ambazo ni kama 0.5% ya uzito wako. Ni mwendo wa polepole, nami naupenda kwa sababu msuli hauliwi na nguvu za mazoezi haziporomoki. Protini ifike gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, ambayo kwako ni kama gramu 120 kwa siku, na uigawe katika milo mitatu au minne. Yai moja lina gramu 6 hivi, gramu 100 za kifua cha kuku kilichopikwa zina karibu gramu 30, na kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina karibu gramu 15. Wanga usiuogope, ndio unaokupa nguvu za kunyanyua. Penye upotevu mwingi ni kwenye mafuta ya kupikia, vinywaji vyenye sukari na vitu vya kutafunatafuna, kwa maana kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina takriban kilokalori 120 na hakimshibishi mtu.

Mkimbiaji Hodari

Kocha, maelezo yako ni mazuri, lakini sikubaliani nayo yote. Mimi nakimbia, naruka kamba na kufanya zoezi la tumbo kila siku, sijawahi kununua hata dambeli moja, na mwili wangu umekatika kuliko wa wengi wanaoshinda jimu. Watazameni mabondia wa uzito mwepesi, watazameni wacheza dansi na wakimbiaji wa mbio za kati. Ni wepesi, wamekauka, na hakuna aliyewavisha nyama za ziada. Wanaoanza na vyuma kwa nia ya kujenga kidogo tu ninawajua, na baada ya muda wanatembea mikono ikiwa imetanuka kama wamebeba ndoo. Isitoshe, tumbo ndilo linalomsumbua ndugu yetu. Kwa nini asilishughulikie tumbo lenyewe moja kwa moja badala ya kuzungukia kwenye mabega?

Dada Mizani

Kaka Mkimbiaji, kukimbia ni jambo jema na sitamshauri mtu yeyote aache, lakini umechanganya mambo mawili.

La kwanza ni tumbo. Misuli ya tumbo ikifanya kazi haichomi mafuta yaliyo juu yake tu, kwa sababu mafuta hutolewa kwenye hifadhi za mwili mzima na kusafirishwa na damu hadi yanakohitajika, na mpangilio wa wapi yanapungua kwanza na wapi yanang'ang'ania hutegemea urithi, jinsia na homoni. Upo utafiti wa mwaka 1971 ambao naupenda kwa urahisi wake. Watafiti waliwapima wachezaji wa tenisi, watu ambao mkono mmoja umefanya kazi nyingi kuliko mwingine kwa miaka. Mkono wa kuchezea ulikuwa mnene zaidi kwa sababu ya misuli, lakini unene wa mafuta chini ya ngozi ulikuwa sawa katika mikono yote miwili. Ingekuwa zoezi linachoma mafuta ya pale pale, mkono ule ungekuwa mkavu kuliko mwenzake. Zoezi la tumbo lina faida yake, litaifanya misuli iliyoko chini iwe minene na mistari ionekane mapema mafuta yakipungua, lakini seti chache mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na ni bora ziwe ngumu kuliko kuwa nyingi.

La pili ni hao mabondia. Bondia unayemwona amekauka kwenye mizani ya siku ya kupimwa uzito mara nyingi amejinyima maji na chumvi kwa makusudi, na akipanda ulingoni siku inayofuata huwa amerudisha kilo kadhaa. Wengi wao pia hufanya mazoezi ya nguvu, ila hatuonyeshwi sehemu hiyo. Mkimbiaji wa kiwango cha juu naye alifika huko kwa sababu mwili wake tangu mwanzo ulikuwa mwepesi na ulifaa kwa mbio. Wenye mifupa mizito na mapaja manene walichujwa mapema wakaenda kwenye michezo mingine. Tukimtazama aliyebaki na kudhani kwamba mbio ndizo zilizomchonga, tunawasahau wale walioondoka.

Hofu ya kujazia nayo ina chanzo chake. Miili mikubwa tunayoiona pichani si yote imejengwa kwa chuma na chakula. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambalo wanaume waligawanywa makundi kwa wiki 10, wengine wakichomwa miligramu 600 za testosteroni, homoni ya kiume inayokuza misuli, kila wiki na wengine sindano isiyo na dawa. Waliochomwa dawa bila kufanya mazoezi yoyote ya nguvu waliongeza tishu zisizo za mafuta kwa takriban kilo 3.2, waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza takriban kilo 2, na waliochanganya vyote viwili waliongeza takriban kilo 6. Soma tena namba hizo polepole. Mtu aliyekuwa anakaa tu alimpita anayenyanyua. Kwa hiyo ndugu yetu asijipimie hofu yake kwa mwili ambao huenda hata haukupatikana jimu.

Kwa dada wanaotusoma, haya yanawahusu zaidi. Kiwango cha testosteroni cha mwanamke mara nyingi hakifiki hata moja ya kumi ya kile cha mwanaume, na ninaowafundisha wanaponiambia kwamba mapaja yamejaa baada ya wiki mbili za skwati, ninachokiona ni maji. Msuli mgeni wa zoezi huvimba kidogo wakati unajirekebisha, na uvimbe huo hushuka. Ila msipite kiasi katika kupunguza. Kwa wanaume wengi mistari ya tumbo huanza kuonekana mafuta yanaposhuka kuelekea 12% hivi ya uzito wa mwili, na kwa wanawake wengi huwa ni karibu na 20%, kwa sababu mwili wa mwanamke unahitaji hifadhi kubwa zaidi ili ufanye kazi zake. Hedhi ikianza kuruka au kukatika, chakula ni kidogo mno kulingana na kazi, mifupa inaanza kulipia gharama hiyo, na ni wakati wa kumwona daktari, mistari ionekane isionekane.

Mkimbiaji Hodari

Hoja ya wachezaji wa tenisi imeniingia. Hata hivyo sijaona mahali popote mliposema kwamba kukimbia kunaharibu, na naomba ndugu yetu asiondoke hapa akidhani hivyo.

Kocha Mstaafu

Hakuharibu, na wala hatuko vitani na mbio. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Vyote viwili vimo katika mwongozo huohuo. Kutembea kwake kwa kasi kunatosha kuwa msingi, na akipenda mbio aziongeze, ila zisimfikishe kwenye skwati akiwa tayari amechoka miguu. Akifanya vyote siku moja, aanze na dambeli.

Mwembamba wa Kati

Nawashukuru nyote kwa muda wenu. Nimebaki na mambo matatu. Kwanza, sidhani kama nitaweza kupima na kuhesabu kilokalori za kila mlo, maana mara nyingi nakula kilichopikwa na mwingine kwenye chungu kimoja na watu wengine. Pili, kazi yangu ni ya zamu, na ziko wiki ambazo nalala kwa muda wa saa tano tu kwa usiku. Je, hilo lina uzito wowote katika jambo hili au ni la afya kwa ujumla? Tatu, tuchukulie nimefika ninakotaka. Nikiendelea kunyanyua nitazidi kukua hata nisikokutaka, na nikiacha nimesikia kwamba misuli hugeuka mafuta. Nitabakije pale pale?

Dada Mizani

La chakula nitalijibu mimi. Huna haja ya kuhesabu kila kitu, ili mradi kuwe na kitu kimoja unachokipima na kukifuata. Pakua chakula mara moja badala ya kuongezaongeza, anza na sehemu ya protini inayolingana na kiganja chako kwa ukubwa na unene, au zaidi kidogo, mboga zijaze karibu nusu ya sahani, kisha wanga ujaze pengo lililobaki. Punguza mchuzi wa juu wenye mafuta, na vinywaji vyenye sukari uviache kabisa kwa kipindi hiki. Halafu tepu ya fundi cherehani ndiyo ikuambie kama umepatia.

Pima asubuhi, ukishatoka msalani na kabla ya kula wala kunywa. Simama wima, izungushe tepu usawa wa kitovu ikiwa imelala sambamba na sakafu pande zote, pumua nje kwa kawaida bila kuvuta tumbo ndani, na usome bila kuibana ngozi. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, siku ileile. Mizani panda mara kadhaa kwa wiki na utafute wastani, kwa sababu uzito wa mtu huweza kupanda au kushuka zaidi ya kilo moja kwa siku kutokana na maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni, na kwa wanawake mzunguko wa hedhi huongeza yake. Mizani zinazodai kusoma asilimia ya mafuta kwa kupitisha umeme miguuni usiziamini sana, maana usomaji wake huyumbishwa na maji uliyokunywa. Kiuno kikishuka huku uzito ukishuka polepole au kusimama, na uzito wa dambeli ukipanda, endelea hivyohivyo. Kiuno kikigoma kwa wiki tatu mfululizo, punguza kidogo sehemu ya wanga katika mlo mmoja wa siku kisha subiri tena.

Kocha Mstaafu

Usingizi una uzito mkubwa katika jambo hili hili unalolitaka. Kuna jaribio dogo, lililochapishwa mwaka 2010, ambalo watu wenye uzito uliozidi waliwekwa kwenye chakula kilichopunguzwa kwa siku 14, mara moja wakiwa na nafasi ya kulala saa 8.5 na mara nyingine saa 5.5. Chakula kilikuwa kilekile na uzito uliopungua ulikaribiana, lakini walipolala kidogo sehemu ya uzito huo iliyotokana na mafuta ilikuwa pungufu kwa 55%, na iliyobaki ilitoka kwenye tishu zisizo za mafuta. Kwa maneno mengine, mizani ingekupongeza huku ukipoteza kile hasa unachotaka kionekane. Katika wiki za zamu mbaya nakushauri usikate chakula kabisa. Kula cha kukutosha, fanya seti moja au mbili kwa kila zoezi kwa uzito uleule, lala hata mchana ukipata nafasi katika chumba chenye giza, kisha upunguzaji uuendeleze zamu ikibadilika. Safari itakuwa ndefu kidogo, lakini hakuna anayekufukuza.

Mfuatiliaji

Nimekuwa nikisoma kimya kimya, lakini swali la tatu ningependa kulijibu kwa sababu ndilo nililoishi nalo kwa muda mrefu. Misuli haigeuki mafuta, kwa kuwa hizo ni tishu mbili tofauti. Kinachotokea ni kwamba mtu anaacha mazoezi, msuli unasinyaa, naye anaendelea kula kama aliyekuwa akinyanyua, hivyo mafuta yanaongezeka mahali pengine huku umbo likipotea.

Kubaki pale pale ni kazi ndogo kuliko kufika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watu walifanya mazoezi ya nguvu ya miguu siku 3 kwa wiki kwa wiki 16, kisha kwa wiki 32 zilizofuata baadhi yao wakapunguziwa kazi hadi moja ya tatu na wengine hadi moja ya tisa, yaani siku moja tu kwa wiki na seti moja kwa kila zoezi. Vijana wa miaka 20 hadi 35 walidumisha ukubwa wa misuli yao hata kwa hiyo moja ya tisa. Wazee wa miaka 60 hadi 75 walidumisha nguvu kwa sehemu kubwa, lakini ukubwa wa misuli ulihitaji kazi zaidi ya hiyo. Nawe una miaka 31. Ukifika unakotaka, punguza siku na seti, ila uzito wenyewe usiupunguze, kwa sababu ndio unaouambia msuli kwamba bado unahitajika. Mimi nimebaki na siku mbili kwa wiki zisizofika saa moja kila moja, na mashati yangu hayajabadilika ukubwa. Sehemu moja ikianza kukua kuliko unavyopenda, ondoa seti za sehemu hiyo na nyingine ziendelee kama kawaida.

Upande wa chakula usirudi ghafla kwenye ulaji wa zamani. Ongeza kidogo kidogo, kama kilokalori 100 hadi 150 kwa siku kila baada ya wiki moja au mbili, ambazo ni nusu ya kikombe cha wali au ndizi moja kubwa, mpaka wastani wa uzito usimame. Katika siku za kwanza mizani inaweza kuruka kwa kilo moja hivi, na wengi hapo hushtuka na kuanza kujinyima upya. Huwa ni wanga unaorudi kuhifadhiwa kwenye misuli kama glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji, jambo ambalo huifanya misuli ionekane imejaa vizuri zaidi. Subiri wiki mbili, pima kiuno kama Dada Mizani alivyoelekeza, na kama tepu inasoma vilevile, ongeza tena.